Kushindilia espreso nyumbani: tampa ipi, chujio lipi, na lini kosa si la mkono

Umepima gramu 18 za kahawa, umeshindilia, umebonyeza kitufe, na ilipofika sekunde ya 14 kikombe tayari kina gramu 36 za kahawa nyepesi inayochachuka ulimini. Hapo wengi hufikiria mambo mawili: kushindilia kwa nguvu zaidi, au kununua tampa mpya (kifaa cha kushindilia unga wa kahawa). Mara nyingi hakuna hata moja linalosaidia. Kasi ya maji kupita kwenye kahawa huamuliwa na usagaji kuliko kitu kingine chochote. Tampa ina kazi yake, tena kubwa, lakini ni nyingine kabisa: kuulaza unga sawasawa ili maji yasipate upenyo, na kuifanya shoti (espreso moja unayoitoa kwenye mashine) ya leo ifanane na ya jana.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini bega halishindani na pampu. Chujio (kile kikombe cha chuma chenye vitundu kinachobeba unga) la milimita 58 lina eneo la sentimita za mraba 26 na kidogo. Pampu ikisukuma kwa bar 9 (bar ni kipimo cha presha), maji yanaukandamiza unga kwa nguvu inayolingana na mzigo wa kilo 240 hivi. Kwa chujio la milimita 54 ni kama kilo 210, na kwa la milimita 51 ni kama 190. Mkono wa mtu mzima anayeshindilia vizuri hutoa kilo 10 hadi 15. Ukiongeza kilo tano, maji hayo hayatajua. Kinachofanywa na mkono ni kutoa hewa iliyobaki kati ya chembe na kuzibana pamoja kabla maji hayajafika. Unga ukishafika mahali haushuki tena, kazi imekwisha. Anayeishia kilo tatu au nne anaacha uso umelegea, na maji ya kwanza yanauchimba na kujitengenezea njia. Anayezidisha anachosha kifundo cha mkono bure.

Ukitaka kujua mkono wako unatoa kiasi gani, weka potafilta (ule mkono wa mashine unaoshika chujio) juu ya mizani ya kupimia uzito wa mtu, tanguliza kitambaa, kisha shindilia huku ukitazama namba. Rudia mara kumi. Kama unacheza kati ya 11 na 14, huna tatizo la nguvu, na kifaa cha kukupimia nguvu hakitakuongezea kitu.

Shoti tatu kabla ya kufungua pochi

Kabla ya kulinganisha kifaa chochote, vuta shoti tatu mfululizo. Kahawa ileile, usagaji uleule, gramu 18.0 kila mara kwa mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, na usimamishe kikombe kikifika gramu 36. Andika sekunde tangu ulipobonyeza kitufe. Lengo la kuanzia ni sekunde 25 hadi 30, lakini kwa sasa usitazame lengo, tazama zile namba tatu zinavyohusiana.

Zikiwa 15, 16, 15, hilo ni kosa linalorudi palepale. Mkono hauwezi kukosea kwa usawa namna hiyo mara tatu. Tatizo ni usagaji, au kahawa yenyewe. Saga laini zaidi, hatua moja moja. Kama mbegu zilikaangwa zaidi ya mwezi mmoja nyuma, gesi yake imeshatoka, maji yanapita mbio na krema (povu la juu ya espreso) inakuwa nyembamba. Usagaji laini utakurudishia sekunde, ladha haitarudi. Kwa espreso kahawa hukaa vizuri kati ya siku ya 7 na ya 21 hivi tangu ikaangwe. Kabla ya hapo gesi ni nyingi, shoti inatoka na mapovu na sekunde hazitulii. Ndiyo maana pakiti yenye tarehe ya kukaangwa ina thamani kuliko yenye tarehe ya kuisha tu, hata kama zote mbili zimeandikwa Kilimanjaro au Mbinga.

Zikiwa 19, 31, 24, hilo ni kosa linalohamahama, na hapa ndipo mikono na vifaa vinapohusika. Unga haukusambaa, au umeshindiliwa upande, au gramu hazikuwa sawa.

Ulimi nao unasema. Uchachu mkali, kahawa nyepesi kama chai: maji yamepita haraka. Uchungu na ukavu mdomoni, sekunde 45: yamechelewa. Lakini kuna kikombe cha tatu ambacho wengi hukisoma vibaya, chenye uchachu na ukakasi kwa pamoja, ule ukakasi unaovuta ulimi kama wa bibo. Maana yake maji yametoboa. Pale kwenye upenyo yamekamua kahawa kupita kiasi, na kwingine kote yameiacha bila kuigusa. Mtu akionja uchachu ule anasaga laini zaidi, presha inapanda, maji yanatoboa zaidi, uchachu unaongezeka, naye anazidi kusaga laini. Ukiona umesaga laini na sekunde hazikupanda, au zimeshuka, simama hapo. Rudi nyuma hatua mbili na urekebishe usambazaji.

Jambo moja lisikupoteze: donge la kahawa kutoka limelowa chapachapa. Mashine zenye valvu ya kuachia presha, kama Gaggia Classic na Rancilio Silvia, hunyonya maji ya juu shoti ikiisha na kuacha donge kavu. Zisizo na valvu hiyo huacha maji juu yake. Hilo ni umbile la mashine tu. Kwa mashine kama hizo subiri sekunde kadhaa kabla ya kufungua potafilta, maana presha iliyobaki inaweza kurusha kahawa ya moto.

Chujio la kuta mbili au la ukuta mmoja

Mashine nyingi za nyumbani huja na machujio ya aina mbili, na si kila mwenye mashine anajua anatumia lipi. Ligeuze ulitazame chini. Ukiona tundu moja dogo kama ncha ya sindano, ni la kuta mbili. Ukiona mamia ya vitundu, ni la ukuta mmoja.

Kwenye la kuta mbili, presha inatengenezwa na lile tundu, si kahawa. Kwa hiyo linasamehe: kahawa iliyosagwa dukani, iliyokaa, iliyoshindiliwa upande, zote zitatoka na krema. Krema hiyo ni povu la kulazimishwa kwenye tundu na huzimika upesi, na ladha za kahawa nzuri hujichanganya hadi huwezi kuzitenga. Kushindilia kwake ni kubonyeza tu hadi uso ulale, kilo tatu hadi tano zinatosha. Ukisaga laini kama ya espreso halisi, tundu linaziba. Lizibue kwa pini na kulilowesha kwenye sabuni ya kusafishia mashine za kahawa. Kununua tampa ya chuma na vifaa vya kusambazia kwa ajili ya chujio hili ni kutupa fedha.

La ukuta mmoja halitoi upinzani wowote. Upinzani wote unatoka kwenye unga wako. Kila kosa litaonekana, na kila uzuri wa kahawa nao utaonekana. Lakini linadai kinu kinachoweza kusaga laini kwa hatua ndogondogo. Huna kinu, au unacho kile cha visu kama cha blenda? Baki na kuta mbili bila kuona haya. Kinu cha visu hutoa vumbi na vipande vikubwa kwa wakati mmoja, na hakuna ushindiliaji utakaovisawazisha.

Kuhusu kinu chenye hatua, tazama hatua ni kubwa kiasi gani. Comandante C40, kinu cha mkono kinachosifiwa kwa kahawa ya kuchuja, husogea takriban mikroni 30 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kwa kila mlio, yaani kila hatua ya kukirekebisha. 1Zpresso J-Max husogea 8.8. Kwa espreso tofauti hiyo ni kubwa sana: kwenye kinu cha hatua kubwa, mlio mmoja unaweza kukutoa sekunde 20 ukakupeleka 35, na ile 28 unayoitaka haipo kati yake. Dawa ni kucheza na gramu. Chagua mlio unaokaribia lengo, kisha ongeza au punguza gramu 0.3 hadi 0.5 mpaka sekunde zikae. Usivuke gramu moja juu au chini ya kiwango cha chujio. Ili kujua kama umejaza kupita kiasi, baada ya kushindilia weka sarafu safi juu ya unga, funga potafilta kwenye mashine, ifungue bila kuwasha maji. Sarafu ikiwa imezama ndani ya unga, kahawa ni nyingi. Kahawa ikivimba kwa maji itagusa chujio la juu linalonyunyiza maji na kupasuka.

Kusambaza: sindano au kisawazishi cha kuzungusha

Hapa ndipo penye tiba ya makosa mengi yanayohamahama, na bado ndipo watu wanapopita haraka kuliko pote ili wafikie tampa. Unga ukitoka kwenye kinu huwa na mabonge. Tampa hailivunji bonge, inalikandamiza lilivyo. Sehemu yenye bonge inakuwa ngumu, jirani yake inakuwa nyepesi, na maji yanapita kwa jirani.

Kugongagonga potafilta kwa kiganja kunashusha unga na kupunguza kilima, basi. Ni bora kuliko kutofanya kitu.

Kisawazishi cha kuzungusha, kile cha duara chenye mabawa matatu au manne chini, kinapendeza kwa macho. Unakiweka juu ya chujio, unakizungusha mara tatu, uso unang'aa. Udhaifu wake ni kwamba kinapanga milimita chache za juu tu. Mabonge ya chini yamebaki palepale, na sasa huyaoni. Kikiwekwa kwa kina kirefu mno kinabana unga wa juu kabla ya wa chini, na tampa ikija inakuta kazi imeharibika nusu.

Sindano ndizo za kuchagua. Mbinu hii ilielezwa na mpenda kahawa John Weiss mwaka 2005, na mpaka leo hakuna kifaa cha bei rahisi kinachoishinda. Unahitaji sindano nyembamba sita hadi nane, unene wa milimita 0.3 hadi 0.4, zilizochomekwa kwenye kipini. Sindano za tiba ya kuchoma za Kichina zilizochomekwa kwenye kizibo cha chupa hufanya kazi sawa na za dukani. Za kushonea nguo ni nene, zinaacha mitaro. Weka faneli juu ya chujio unga usimwagike, anza kwa kugusa chini kabisa, zungusha kwa viduara vidogo, panda taratibu hadi juu, na umalize kwa kupitisha ncha juujuu ili uso ulale. Sekunde 15 hadi 20. Ukichokoa juu tu umekirudia kisawazishi kwa njia ndefu.

Mabonge huzidi pale hewa ilipo kavu, kama Nairobi au Arusha wakati wa kiangazi, kwa sababu unga unapata umeme tuli na kurukaruka kwenye kuta za kinu. Tone moja la maji juu ya mbegu kabla ya kusaga, ukazichanganya kwa kijiko, linamaliza hilo. Pwani penye unyevu huenda usilihitaji. Na kwa wanaopenda iliki au tangawizi kwenye kahawa: iweke kikombeni. Unga wa viungo haupitishi maji kama kahawa, na harufu yake huganda kwenye gasketi (mpira wa kuzibia maji) kwa wiki nzima.

Tampa nne

| Tampa | Inazuia nini | Haizuii nini |
|---|---|---|
| Ya plastiki iliyokuja na mashine | Karibu hakuna | Kulala upande, unga wa pembeni kulegea |
| Bapa ya chuma yenye mpini | Kulegea pembeni, ikiwa kipenyo ni sawasawa | Kulala upande |
| Ya springi yenye bamba la juu | Kulala upande, nguvu kubadilika | Mabonge, dozi (gramu za kahawa) ndogo |
| Ya kiganja yenye kina maalumu | Kulala upande | Gramu kubadilika |

Tampa ya plastiki kosa lake kubwa ni kipenyo. Chukua tampa ya milimita 49 ndani ya chujio la milimita 51. Inaonekana tofauti ndogo, lakini pete inayobaki bila kushindiliwa ni karibu asilimia 8 ya eneo lote, na pete hiyo iko ukutani, mahali ambapo maji hupenda kupita kuliko pote. Kwa mwenye chujio la ukuta mmoja, kubadilisha plastiki kwa chuma kinachotosha ni badiliko linaloonekana siku hiyohiyo. Ulinganishe na tampa ya 58 ndani ya chujio la 58.5: pete ni chini ya asilimia 2. Ipo, lakini haikuharibii asubuhi.

Kwa hiyo pima chujio lako kabla ya kuagiza. Pima ndani, chini kidogo ya mdomo, kwa kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) kama unayo. Gaggia Classic na Rancilio Silvia ni za familia ya milimita 58, na ukiweka chujio la usahihi la kampuni ya IMS au VST, tampa ya 58.5 ndiyo inayokaa vizuri. Kwenye chujio la kiwandani 58.5 inaweza kukwama, hivyo jaribu au nunua 58. Breville, ambazo Ulaya huuzwa kwa jina la Sage, kama Bambino na Barista Express, huitwa za 54 lakini tampa zake huuzwa zikiwa 53.3. DeLonghi Dedica ni 51. Chagua sura bapa. Zenye tumbo chini zilipata kusifiwa zamani, ila zinafanya kahawa iwe na kina tofauti katikati na pembeni, na hilo ndilo tunalolikimbia.

Tampa bapa ya chuma yenye mpini haina kinachoharibika. Itakuzidi umri. Inachodai ni mkono uliojifunza. Weka potafilta kwenye kona ya meza, si hewani. Kiwiko kiwe juu ya tampa moja kwa moja, kifundo kimenyooka, mpini umekaa kiganjani kama kitasa cha mlango. Kidole gumba na cha shahada viguse ukingo wa bamba la tampa na mdomo wa chujio kwa pamoja. Vidole hivyo ndivyo vinavyokuambia upande upi umezama. Bonyeza taratibu hadi unga ugome, achia, toa. Kuizungusha tampa mwishoni ili uso ung'ae hakuna faida, na kwa mkono usiotulia kunainua upande mmoja. Kugonga potafilta kwa mpini baada ya kushindilia, ili unga wa ukutani udondoke, ni kubaya zaidi: donge linaachana na ukuta na maji yana barabara. Unga uliobaki ukutani ufute kwa kidole kwenye mdomo tu, mwingine uache.

Kwa nini kulala upande kuna uzito kiasi hiki? Donge lina kina cha sentimita moja na kitu. Upande mmoja ukiwa na milimita moja pungufu, maji yanapata njia fupi, yanaichukua, na yakishaanza kuichukua yanaibomoa zaidi. Potafilta isiyo na midomo chini, inayoonyesha chujio likiwa wazi, itakuonyesha hilo bila ubishi: upande mmoja unatoa kahawa kwanza na kupauka mapema, mwingine bado mweusi. Potafilta hiyo ni kipimo kizuri kuliko kifaa chochote cha kushindilia, na ukiwa na fedha ya kitu kimoja baada ya sindano, inastahili kufikiriwa kabla ya tampa ya pili.

Tampa ya springi ina sehemu mbili. Bamba la nje linakaa juu ya mdomo wa chujio, na pistoni ya ndani inashuka wima. Haiwezi kulala upande ikiwa bamba limekaa vizuri. Nyingi huja na springi za kubadilisha, kwa kawaida ratili 15, 25 na 30, yaani kilo 7, 11 na 14 hivi. Weka ya 25. Ya 30 haiongezi ladha, na ya 15 inaweza kuacha uso umelegea kwa wanaosaga laini sana. Hii ndiyo tampa ya kuchagua kwa mtu ambaye shoti zake zinahamahama ingawa anatumia sindano vizuri, na kwa nyumba yenye watu wawili wanaopokezana mashine moja.

Nayo ina masharti. Bamba lazima liguse mdomo wa chujio pande zote. Punje tatu za kahawa zilizobaki juu ya mdomo zinaliinua upande, na usalama wote umepotea huku wewe ukiamini umelindwa. Futa mdomo kabla. Pili, pistoni ina mwisho wake. Ukitia gramu 14 kwenye chujio refu la gramu 18, bamba linafika mdomoni na pistoni inagota kabla unga haujabanwa. Tatu, unga huingia kwenye springi. Ifungue mara moja kwa mwezi na kuipangusa kwa brashi kavu.

Kuna aina inayofanana nayo kwa jina, ile inayotoa mlio ukifikia nguvu fulani lakini haina bamba la juu. Inakupa kilo zilezile kila mara na inaruhusu kulala upande kila mara. Imetibu tatizo dogo na kuliacha kubwa. Iache.

Tampa ya kiganja haina mpini. Ni duara zito unalolikandamiza kwa kiganja mpaka ukingo wake ufike kwenye mdomo wa chujio. Inabonyeza kwa kina, si kwa nguvu. Ukiweka kina kwa gramu 18 na leo ukatia 17.5, haitafika, ukitia 18.5, inagoma juu na huwezi kujua kama imelala. Kwa anayepima kila dozi na kutumia kahawa ileile wiki nzima, inafanya kazi safi, na wenye maumivu ya kifundo huipenda kwa sababu nguvu inatoka kiganjani. Kwa anayebadilisha leo Arabika ya Mbeya, kesho mchanganyiko wenye Robusta ya Bukoba, itamchosha, maana kahawa mbili za gramu sawa hazijazi chujio kwa kina sawa.

Pale kosa lilipo kwenye mashine

Boksi likisema bar 15 au 20, hiyo ni nguvu ya juu ya pampu, si inayotakiwa kwenye kahawa. Kiwango cha bar 9 kimetufikia kutoka kwa mashine za pampu za Italia kama Faema E61 ya mwaka 1961, na mashine nzuri ya nyumbani ina valvu ya kuachia kinachozidi. Ikiwa valvu imekazwa juu sana, unga uliopangwa vizuri kabisa bado utatoboka. Kwenye Gaggia Classic za zamani wengi hubadilisha springi ya valvu hiyo iwe ya bar 9. Ni kazi ya nusu saa kwa anayejua kutumia bisibisi, mashine ikiwa imechomolewa kwenye umeme na imepoa.

Joto: mashine yenye boila ndogo iachwe dakika 15 hadi 20, potafilta ikiwa imefungwa. Bambino hutangaza kuwa tayari baada ya sekunde 3, na maji kweli yapo tayari, lakini chuma cha potafilta bado ni baridi kama kilivyolala. Pitisha maji matupu mara moja au mbili kabla ya kutia unga. Shoti ya kwanza yenye uchachu na ya pili nzuri, kwa maandalizi yaleyale, ni ubaridi tu.

Umeme nao. Pampu ndogo za mashine hizi hutetema kwa sumaku, na nguvu yake hushuka umeme ukishuka. Mtaa ambao taa hufifia jioni, shoti ya saa moja usiku haitafanana na ya alfajiri hata ukishindilia kwa rula. Mashine hizi nyingi hula wati 1,200 hadi 1,600, kwa hiyo stebilaiza ndogo ya runinga haiziwezi. Panga usagaji wako kwa saa unayokunywa kwa kawaida.

Kwa hali yako

Huna kinu cha maana: chujio la kuta mbili, tampa iliyokuja na mashine, fedha iwekwe akiba ya kinu. Una kinu na tampa ya plastiki, chujio la ukuta mmoja: bapa ya chuma ya kipenyo sahihi pamoja na sindano za kujitengenezea, kwa fedha kidogo hakuna mseto utakaokusogeza mbali zaidi. Una hivyo vyote na sekunde bado zinahama: ya springi, au kwanza potafilta iliyo wazi chini ili uone kama kweli ni kulala upande. Kifundo kinauma na dozi haibadiliki: ya kiganja.

Ukishanunua, vuta shoti tano kwa utaratibu uleule. Zikikaa ndani ya sekunde tatu baina ya ya haraka na ya polepole, kifaa kimefanya kazi yake, na kuanzia hapo shughulika na kinu tu. Zikiendelea kuhama, usiagize kingine. Fungua kwa bisibisi chujio la juu linalonyunyiza maji, lisugue mafuta ya kahawa yaliyoganda, kisha liinue kwenye dirisha utazame kama vitundu vyote vinapitisha mwanga.